Arbuni ya Safari Ijayo

Ni biashara chache duniani zinazomwuzia mtu karamu ya kesho hali tonge la leo lingali kinywani mwake. Mwenye mkahawa hungoja mgeni ashibe, aende zake, kisha arudi akipenda. Fundi wa nguo hungoja kanzu ya kwanza ichakae. Lakini katika merikebu kubwa za siku hizi, zichukuazo watu kwa matembezi ya baharini, abiria hukaribishwa kununua safari ijayo kabla hajaimaliza ile aliyo nayo. Meza huwekwa mahali penye watu wengi, karani mwenye adabu huketi nyuma yake, picha za visiwa na milima hutundikwa ukutani, na kila apitaye huulizwa kwa upole, "Mwakani ungependa kwenda wapi?"

Nataka kuieleza desturi hii kwa sababu niliiona kwa macho yangu, na kwa sababu nadhani ina jambo la kumfaa hata kijana ambaye hatapanda merikebu ya namna hiyo maishani mwake. Swali liulizwalo penye meza ile ni swali ambalo kila mtu huulizwa siku moja: Je, yafaa kuifunga kesho kwa ahadi? Na kama yafaa, ifungwe kwa kamba gani?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Fedha kidogo atoayo mnunuzi mbele, ili kitu anachokitaka asiuziwe mtu mwingine, huitwa arbuni. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na katika bandari zetu limetumika tangu zamani. Wazee walitumia pia neno rubuni kwa maana hiyo hiyo ya malipo ya mbele. Lakini rubuni ina maana ya pili, nayo ndiyo ijulikanayo zaidi leo: kumvuta mtu kwa maneno matamu mpaka afanye jambo asilolikusudia. Maneno mawili haya ni majirani katika lugha yetu, kama vile mambo mawili hayo yalivyo majirani katika maisha. Fedha ile ile yaweza kuwa nanga, na yaweza kuwa chambo.

Safari za baharini kwa ajili ya matembezi hazikuanza jana. Mwaka 1891, Albert Ballin, mmoja wa wakuu wa kampuni ya merikebu ya Hamburg, alikuwa na shida moja. Wakati wa baridi bahari ya Atlantiki huchafuka, na abiria wa kwenda Marekani walikuwa wakipungua sana. Merikebu nzuri zilikaa bandarini bila kazi, huku gharama zake zikiendelea. Basi tarehe 22 Januari mwaka huo, merikebu iitwayo Augusta Victoria iling'oa nanga Cuxhaven, katika Ujerumani, ikaenda kuizunguka bahari ya Mediterania ikiwa na abiria 241. Abiria hao hawakuwa na biashara wala jamaa huko waendako. Walikwenda kutazama tu. Jambo hilo lilifaulu, hata mwaka 1900 kampuni hiyo ikaunda Prinzessin Victoria Luise, merikebu iliyokusudiwa kwa matembezi tangu siku ilipochorwa.

Chanzo hicho chaonyesha sababu ya meza niliyoitaja. Chumba cha merikebu si kama gunia la mahindi. Mahindi yasipouzwa leo yataweza kuuzwa kesho, lakini chumba kikiondoka bandarini kitupu, thamani ya usiku ule imekufa wala haifufuki. Mafuta yatachomwa yale yale, na nahodha atalipwa mshahara ule ule. Kwa hiyo mwenye merikebu hupenda kujua mapema, mwaka mmoja au hata miwili kabla, ni vyumba vingapi vimekwisha pata watu. Na ni nani aliye rahisi kumshawishi kuliko mtu aliyemo chomboni tayari, ameshiba, amepumzika, na jua linamchwea mbele ya macho? Kumtafuta abiria mpya kwahitaji matangazo na mawakala katika miji mingi. Huyu wa ndani hahitaji ila meza na karani.

Hapana ubaya katika hilo. Mwuzaji ana haki ya kuchagua saa ya kuuza. Bali mnunuzi naye ana haki ya kujua kwamba saa hiyo imechaguliwa.

Mimi nilisafiri pamoja na mama yangu na dada yangu. Dada ni mwuguzi, na kwa miaka sita alikuwa akifanya kazi katika hospitali moja nchini Uingereza. Mama na mimi twakaa pwani ya Kenya, ambako nafundisha. Katika miaka hiyo sita tulisemezana kwa simu kila Jumapili, na kila mara mazungumzo yalikwisha kwa neno moja, "Tutaonana." Lilikuwa neno zuri, walakini halikuwa na siku wala mwezi. Katika mwaka wa nne baba yetu alifariki alfajiri, akazikwa alasiri, kama ilivyo kwetu. Dada hakuwahi. Alisikia dua za mazishi katika simu, akiwa amesimama penye ujia wa hospitali na vazi lake la kazi.

Mwaka wa sita alituita. Alikuwa ameweka akiba, akatulipia nauli ya ndege wakati wa likizo ya Agosti, na juu ya hayo akatulipia safari ya merikebu ya mausiku saba, kutoka Southampton hadi Norwei na kurudi.

Pwani ya Norwei imekatwa na hori nyingi, ndefu na nyembamba, ziitwazo fyodi. Zilichimbwa na mito mikubwa ya barafu katika zama za kale. Barafu ilipoyeyuka, maji ya bahari yaliingia mahali pake. Hori ya Geiranger, ambayo mwaka 2005 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, ina urefu wa kilomita 15 hivi, na pande zote mbili milima imesimama wima kama kuta. Merikebu yetu iliingia humo siku ya nne, asubuhi, polepole. Maji yalikuwa yakianguka kutoka juu ya jabali katika maporomoko ambayo wenyeji huyaita Dada Saba. Mama alisimama sitahani, shali juu ya kanga zake, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwisho alisema, "Mungu hakuchoka alipofika huku."

Jioni ya siku hiyo hiyo tulikuta karatasi chumbani mwetu. Ilisema kwamba meza ya safari zijazo ilikuwa wazi mpaka saa nne ya usiku, na kwamba zawadi za wanaolipa wakiwa chomboni hazitapatikana tena baada ya kushuka. Dada aliisoma, akavaa viatu, akasema, "Twendeni."

Makampuni ya merikebu hayafuati kanuni moja, na kanuni zao hubadilika. Katika merikebu ile palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuchagua safari yenye jina na tarehe, na kutoa arbuni isiyorudi. Atakayefuata njia hiyo alipewa zawadi nono ya fedha za kutumia ndani ya merikebu. Njia ya pili ilikuwa na zawadi ndogo, lakini arbuni yake iliweza kurudishwa ikiwa mwenyewe ataitaka kabla ya siku iliyoandikwa katika mkataba. Katika njia zote mbili, salio la nauli lilitakiwa lilipwe miezi mitatu kabla ya kuondoka. Dada aliipenda njia ya kwanza. Alikuwa amekwisha ishika kalamu nilipomwomba tuketi kidogo.

Nilimweleza mashaka yangu mawili. La kwanza lilikuwa la hesabu. Tuseme nauli ni pauni 1,000, arbuni ni pauni 100, na zawadi ni pauni 50. Mtu hutoka penye meza akisema, "Nimepata pauni 50." Kwa hakika bado hajapata kitu. Ametoa pauni 100 zilizokuwa mkononi mwake, akapewa ahadi ya pauni 50, na ili aipate ahadi hiyo hana budi kulipa pauni 900 zilizobaki. Tena zile 50 zitatumiwa ndani ya merikebu tu, ambako bei ya kila kikombe cha kahawa huwekwa na huyo huyo aliyetoa zawadi.

Shaka la pili lilikuwa letu sisi, na abiria wengi wa merikebu ile hawakuwa nalo. Mama na mimi twasafiri kwa pasipoti ya Kenya. Ili tuifanye safari ile tulihitaji viza ya Uingereza na viza nyingine ya kuingia Norwei. Kila moja ilikuwa na ada yake, fomu zake, na majuma yake ya kungoja. Na kupewa mwaka huu si dhamana ya kupewa mwakani. Mwingereza atoaye arbuni ajua kwamba siku ikifika ataruhusiwa kupanda. Mkenya atoaye arbuni hiyo hiyo huitoa kabla hajajua. Basi fedha zilizo sawa kwa hesabu hazikuwa sawa kwa hatari.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, maana ndiyo tabia yake, kisha akasema:

"Hesabu yako ni sawa, mdogo wangu, lakini umesahau kuhesabu kitu ninachokinunua. Mimi sinunui chumba, nanunua tarehe. Hospitalini kwetu likizo huombwa mapema, na asiye na tarehe hupewa siku zilizobaki baada ya wenzake kuchagua. Miaka sita nimesema tutaonana. Baba amekwenda, nami bado nasema tutaonana. Nikitoa fedha hizi zisizorudi nitakuwa nimefungwa, nami nataka kufungwa."

Sikuwa na jibu la upesi. Nilikuwa nimeitazama meza ile kama mtego, kumbe yeye aliiona kama mahali pa kuifunga mashua yake isichukuliwe na maji. Niliona kwamba mwenye siku nyingi huru aweza kuidharau tarehe, lakini mtu ambaye siku zake zimegawanywa na wengine huinunua tarehe kwa gharama kubwa, na kwake gharama hiyo si upumbavu.

Mama alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. Alimwambia dada amfasirie, kisha akamkabili karani, ambaye alikuwa kijana wa kike mwenye uso mchangamfu.

"Mwulize binti huyu," alisema mama, "je, nikiugua kabla ya safari?"

Karani alisema kwamba jambo hilo ni la bima, na kwamba yatupasa kukata bima mapema, tena tuisome vizuri.

"Je, wakininyima viza?"

Karani alisema kwamba arbuni ya njia ya kwanza haitarudi.

"Je, bei ikishuka baada ya sisi kulipa?"

Karani alisema kwamba jambo hilo hutokea, na kwamba kuna safari ambazo bei yake huweza kurekebishwa kabla ya salio kulipwa, na kuna nyingine ambazo haiwezekani. Alituonyesha mahali palipoandikwa hivyo, kwa herufi ndogo.

"Na wewe, mwanangu, wapata nini tukilipa?"

Dada aliona haya kulifasiri swali hilo, lakini mama alingoja. Karani alicheka, akasema bila kuficha kwamba hupata fungu lake juu ya mshahara kwa kila safari anayoiuza.

"Umesema kweli, Mungu akubariki," alisema mama. Kisha akamgeukia dada. "Mwanangu, mbuzi hufungwa asipotee, hafungwi ili anyongwe. Kamba yake huwekewa fundo linalofunguka. Usitie saini usiku huu. Milima ya leo ingali machoni mwako. Tungoje, na siku ya mwisho ukiwa bado wataka, tutakuja."

Siku mbili baadaye tulitia nanga Bergen. Mama alikuwa amechoka, akabaki sitahani na chai yake. Dada na mimi tukaenda kwa miguu mpaka Bryggen, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara uliokabili bandari. Nyumba zake ni za mbao, nyembamba, zimebanana bega kwa bega, na paa zake zina ncha kali. Mji uliungua mwaka 1702, na nyumba zikajengwa tena kwa mfano wa zile za kwanza. Tangu mwaka 1979 mtaa huo umo katika orodha ya urithi wa dunia, kama mji wetu wa Lamu ulivyoingizwa mwaka 2001.

Wafanyabiashara wa umoja wa miji ya Kijerumani uitwao Hansa waliweka ofisi yao hapo karibu na mwaka 1360, na ofisi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1754. Bidhaa waliyoitaka ilikuwa samaki wakavu kutoka kaskazini ya Norwei. Huko kaskazini samaki ni wengi, lakini nafaka haisitawi vema kwa baridi. Basi wavuvi walikuja Bergen na samaki wao, wakarudi kwao na nafaka. Na kama samaki hawakutosha kuilipa nafaka, mfanyabiashara hakumrudisha mvuvi mikono mitupu. Alimpa nafaka kwa mkopo, na samaki wa mwaka ujao wakawa ndio malipo.

Fikiri jinsi jambo hilo lilivyokuwa na pande mbili. Bila mkopo ule, mwaka wa samaki wachache ungekuwa mwaka wa njaa, na watoto wa mvuvi wangeumia. Ulikuwa msaada wa kweli. Lakini mvuvi aliyekwisha kula nafaka ya mwakani hakuweza tena kuchagua mwakani amwuzie nani samaki wake. Alikuwa wa mfanyabiashara mmoja. Deni la mwaka huu lilizaa la mwaka ujao, na wako waliofungika hivyo miaka mingi. Samaki walikuwa bado wamo baharini, wanaogelea, nao wana mwenyewe tayari.

Tulisimama katika ujia mmoja wa mbao, dada akaugusa ukuta kwa kiganja. "Wao walipokea mbele, sisi twatoa mbele," alisema. "Lakini kamba ni moja." Kisha baada ya hatua chache akasema tena, "Mama ana haki. Nataka kufungwa, lakini fundo niwe nalo mimi."

Siku ya mwisho baharini, ambapo hapakuwa na mlima wala maporomoko ya kutazama, ila maji ya kijivu na ukungu, tulirudi penye meza. Dada alitoa arbuni ya njia ya pili, kwa safari ya Agosti iliyofuata. Zawadi yake ilikuwa ndogo. Aliomba nakala ya mkataba, akaikunja, akaandika kwa wino juu ya bahasha siku ya mwisho ya kuitaka arbuni irudi. Tulipofika Southampton, jambo lake la kwanza kabla ya kutafuta gari lilikuwa kuandika ombi la likizo kwa tarehe zile zile. Majuma matatu baadaye likizo ilikubaliwa.

Mwezi wa Februari magoti ya mama yalizidi kumsumbua, na daktari akashauri asisafiri mbali mwaka huo. Dada alitazama bahasha yake, akaona siku haijapita, akaitaka arbuni, nayo ikarudi yote. Lakini likizo hakuirudisha. Agosti ilipofika alikuja yeye nyumbani, akakaa majuma matatu. Asubuhi ya pili tulikwenda wote kaburini kwa baba, mama akitembea kwa mkongojo na dada akimshika mkono. Merikebu ilikwenda Norwei bila sisi, na chumba chetu bila shaka kilipata watu wengine. Tarehe ndiyo tuliyoinunua, na tarehe tuliipata.

Si kila aliyewahi kutoa fedha mbele alirudishiwa kwa wepesi namna hiyo. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, makampuni ya merikebu za matembezi karibu yote yalisimamisha safari. Watu wengi sana walikuwa wametoa arbuni, na wengine nauli nzima. Makampuni kadhaa yaliwapa abiria wachague: ama fedha zao zirudi, ama wapewe hati ya safari ya baadaye yenye thamani kubwa zaidi, mara nyingi asilimia 125 ya walicholipa. Mtu asiyetazama mbali aliona kwamba 125 yazidi 100. Lakini hati ina thamani maadamu aliyeitoa yu hai. Mwezi Julai mwaka huo huo kampuni moja ya Uingereza, Cruise & Maritime Voyages, ilifilisika, na safari zake zote zikafutwa. Hapo ndipo watu walipojua faida ya kuuliza mapema swali ambalo wakati wa furaha huonekana kuwa la uchuro: "Kampuni hii ikianguka, ni nani atakayenirudishia fedha zangu?" Penye sheria au dhamana ya kumlinda mteja, jibu lilikuwapo. Pasipo na dhamana, palikuwa na karatasi tu.

Sasa nawaelekea vijana ninaowaandikia. Huenda mkasema, "Mambo ya merikebu za anasa yatuhusu nini sisi?" Yawahusu, kwa maana meza ile haikuwekwa baharini peke yake. Imewekwa dukani ambako simu hutolewa kwa malipo kidogo leo na mengine kila siku kwa mwaka mzima. Imewekwa ndani ya simu yenyewe, ambayo humkopesha mtu kwa kubonyeza mara mbili, usiku, wakati ambapo hapana mama wa kumwambia ngoja. Imewekwa penye kiwanja kinachouzwa kwa arbuni siku ambapo wanunuzi wamechukuliwa kwa basi, wakalishwa pilau, wakaonyeshwa mahali ambapo shule na barabara vitajengwa. Kila mahali hapo, saa ya kuuza imechaguliwa na mwuzaji, nayo ni saa ya furaha au ya haja.

Wako watakaowashauri msitoe arbuni kamwe. Siwashauri hivyo. Mkulima akodiye trekta kabla ya mvua hutoa arbuni, na asipotoa atalima wenzake wakipalilia. Mchumba hutoa kishika uchumba, na kwa fedha hiyo kidogo nyumba mbili huanza kuitana ndugu. Mzazi alipaye karo mapema amemwekea mtoto mahali. Kuna mema mengi ambayo hayapatikani ila kwa mtu kujifunga mapema, maana moyo wa binadamu ni mwepesi wa kusema "siku moja", na siku moja haimo katika kalenda yoyote. Sisi tuliisema miaka sita, na mtu mmoja kati yetu hakungoja.

Ila kabla ya kujifunga, yaulizeni yale aliyoyauliza mama. Ulizeni itakuwaje mkiugua, itakuwaje mlango mnaoutegemea ukifungwa, itakuwaje bei ikigeuka, na yule anayewashawishi anapata nini. Ulizeni kwa adabu, kama alivyouliza yeye, kwa sababu mwuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Karani wetu hakuchukia. Someni herufi ndogo kwa macho yenu wenyewe. Kisha, kama jambo laweza kungoja usiku mmoja, lilalieni. Siku ya furaha ni siku njema ya kutia nia, lakini kwa kutia saini ni afadhali siku ya mawingu, ambapo mtu huona karatasi peke yake.

Na mkiisha kujifunga, andikeni juu ya bahasha siku ya mwisho ya kulifungua fundo, mkaiweke mahali mtakapoiona.